Mpira wa Kiunoni

Kila asubuhi kazi yangu ya kwanza ni kuminya mipira. Nakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, natoa mpira mmoja mmoja kwenye kikapu, nauminya kwa dole gumba na kuutupa upande wake: ulio hai kulia, uliochoka kushoto. Wakati huo Baba anaburuza kipande cha wavu mkuukuu juu ya udongo wa uwanja. Anaanzia ukingoni, anazunguka akija ndani, mpaka uwanja mzima unakuwa na mistari myembamba kama nywele zilizochanwa. Hataki kusemeshwa akiwa anaburuza. Akimaliza anasimama nyuma ya mstari, anaitazama kazi yake, kisha anasema, "Haya, mgeni akaribie." Mgeni ni mpira wa kwanza wa siku. Njiti, ambaye huwa amefika kabla ya wenzake wote, anaupiga, Baba anaurudisha, na siku inakuwa imeanza.

Asubuhi ile mgeni hakukaribia. Lango la waya lilifunguliwa kwa kishindo, na mama yake Njiti akaingia. Hakuzunguka pembeni kama watu wengine. Alikatiza katikati ya uwanja uliotoka kuburuzwa, na viatu vyake vya visigino virefu, akiacha vishimo nyuma yake kama mtu anayepanda mbegu.

Baba aliviangalia vile vishimo kimoja kimoja.

"Shikamoo, Kocha."

"Marahaba, Daktari. Ungepitia huku pem—"

"Nimekuja kabla sijaingia kazini kwa sababu kwenye simu unanizungusha. Mwanangu ametolewa raundi ya kwanza mara ngapi mwaka huu?"

"Daktari, mtoto anakua, na..."

"Mara zote. Kila mashindano aliyoingia."

Mama yake Njiti ni daktari wa meno. Nafikiri amezoea kuzungumza na watu ambao midomo yao imejaa vyuma, maana anauliza, anajibu mwenyewe, anaendelea.

"Na kila mtu ananiambia anacheza vizuri. Waamuzi wananiambia. Wazazi wa watoto waliomfunga wananifuata mpaka kwenye gari kunipa mkono. Hongera, mama, binti yako ana mpira mzuri. Nimechoka kupongezwa na watu wanaotufunga, Kocha! Kuna kile kituo kipya ng'ambo ya mji. Wana mashine za kurusha mipira, wana mtu wa chakula, wana mtu wa kumfundisha mtoto kujiamini. Jumamosi hii akitolewa tena raundi ya kwanza, Jumatatu anaanza kule."

Njiti alikuwa amesimama upande wa pili wa wavu, raketi ameikumbatia kifuani. Ni msichana mrefu na mwembamba. Jina hilo alipewa na wenzake siku ya kwanza na akalipokea bila ugomvi, kama anavyopokea kila kitu.

"Mama, mimi sitaki kwenda kule."

"Basi shinda," mama yake akasema, na akaondoka kwa njia ileile aliyojia, akipanda mstari wa pili.

Baba aliuchukua wavu wake akaanza kuburuza upya. Alipomfikia Njiti alisimama, jambo ambalo halifanyi kamwe akiwa kazini.

"Usimkasirikie mama yako. Ana haki. Ila yeye mpira haujui." Kisha akatabasamu. "Jana ulipiga vizuri sana."

Nilikuwa na sentensi mdomoni. Nilikuwa nayo tangu nitoke chuo. Niliinama nikaendelea kuminya mipira.

Ili mtu aielewe sentensi hiyo lazima amjue Baba alikotoka. Hakuanza na raketi. Alianza na taulo. Alikuwa mfuaji kwenye klabu moja ya watu wenye nafasi zao, kijana wa kukaa chumba cha nyuma na mapipa ya maji ya moto. Siku moja mwanachama mmoja alikosa mtu wa kucheza naye, akachungulia dirishani kwa wafuaji na kusema, wewe, njoo ushike hii, kazi yako ni kurudisha tu. Baba akarudisha. Alirudisha kila kitu, na viatu vyake vya plastiki, mpaka yule bwana akaloa jasho na kucheka kama mtoto. Wiki iliyofuata akaitwa tena. Baadaye hakuna aliyemkumbuka kwa taulo; walimwita Ukuta, akawa mpigishaji.

Mpigishaji si mpinzani. Analipwa ili mtu mwingine acheze vizuri. Baba aliijua miili ya wanachama kuliko madaktari wao. Palikuwa na hakimu mwenye goti bovu, ambaye mpira wake ulipaswa kufika mkono wa kulia na usimlazimishe kupinda mguu. Palikuwa na mwenye maduka aliyependa mipira ya juu ili aigongomee chini kwa nguvu. Palikuwa na bibi mmoja mjane aliyetaka mpira wa polepole apate nafasi ya kumaliza hadithi yake. Lakini kwa wote, mpira mkuu ulikuwa mmoja: mpira wa kiunoni. Unafika usawa wa mkanda, hatua moja kutoka ulipo, una kasi kidogo ya kukufanya ujisikie kijana. Ukiupiga, unasikika vizuri. Na mpigishaji anatakiwa kusema, "Mpira mzuri, mzee," hata kama umeangukia kwenye maua.

Mwenzake mmoja alijisahau siku moja akamfunga mhandisi fulani, akamfunga haswa. Mhandisi alipiga makofi, akacheka, akamnunulia soda. Hakumwita tena. Na wapigishaji hawakuruhusiwa kuingia mashindano ya klabu, kwa sababu walikuwa wafanyakazi. Kwa hiyo Baba, ambaye nadhani ndiye mchezaji mwenye mpira mzuri kuliko wote niliowahi kuwaona, hajawahi kucheza hata mechi moja ya kushinda au kushindwa.

Klabu ilipouzwa na kugeuzwa maghala, aliomba kiwanja hiki cha nyuma ya kiwanda cha uchapaji, akakilima, akakisawazisha, akaanza kufundisha watoto. Alifundisha alichokijua. Na alikuja na sheria yake moja ambayo watoto wote wa uwanja huu wamekua nayo, mimi nikiwa wa kwanza: aliyeukata mpira ndiye anayeokota.

Watu wawili wanapigiana, mpira unakwenda na kurudi, na hiyo ni kazi yenu wote wawili, kama kukunja shuka. Anayeukata anaokota mipira yote iliyotapakaa. Ukigonga wavu, umeukata. Ukitoa nje, umeukata. Na ukiupiga mahali ambapo mwenzako hawezi kuufikia, umeukata wewe, si yeye. "Huo umemtupia nani?" Baba huuliza, kiganja juu ya macho kana kwamba anatafuta mtu upeoni. "Kuna mtu pale? Mimi simwoni." Watoto wanacheka, na aliyepiga anakwenda kuokota.

Nilikua nikidhani ni sheria ya tenisi. Nilikwenda nayo mpaka chuoni, nilikosomea elimu ya michezo, nikachukuliwa kwenye timu siku ya kwanza waliponiona napasha mwili. Mwalimu wa timu alisimama nyuma ya uzio wakati wa mechi yangu, akavumilia, akavumilia, mwishowe akaniuliza, "Binti, uwanja wote ule uko mtupu. Kwa nini unamrudishia yeye?" Sikuelewa swali. Nilicheka kwa aibu, nikaenda kuokota mipira.

Nilifungwa na kila mtu. Na kila aliyenifunga alinipa mkono pale wavuni akaniambia ninacheza vizuri sana.

Kwa hiyo niliporudi nyumbani kumsaidia Baba, nilikuwa najua. Shida ni kwamba mimi si mtu wa kusema. Nikiwa na jambo zito hulizungukia, hulipiga kutoka mbali, hulipunguza mpaka likimfikia mwenyewe halina tena uzito. Wiki ile ya kabla ya Jumamosi nilijaribu kila njia isipokuwa ile iliyonyooka.

Jumanne nilipanga koni nne za rangi ya machungwa kwenye pembe za uwanja.

"Hizi nini?" Baba akauliza.

"Koni, Baba."

"Naona ni koni. Kuna barabara inachimbwa?"

Redio, kijana anayefanya mazoezi na Njiti na ambaye hafungi mdomo hata akinywa maji, aliangua kicheko. "Kocha, labda ni maegesho!"

"Nilifikiri Njiti ajaribu kulenga pembeni," nikasema. "Kidogo tu. Kama Baba ataona inafaa."

"Pembeni anakaa nani?"

"Hakai mtu."

"Sasa si ndiyo shida? Mpira unataka mtu." Alizikusanya zile koni, akazipachika moja juu ya nyingine, akamvalisha Redio kichwani. Redio alifanya mazoezi nazo mpaka mapumziko, na kila mtu alifurahi isipokuwa mimi.

Jumatano Baba alipokwenda kununua nyuzi za raketi, niliingia uwanjani mwenyewe. "Njiti," nikamwambia, "leo nikimbize. Nataka nisiufikie."

Alinitazama kama nimemwambia anipige kofi. Tulianza. Mpira kiunoni, mpira kiunoni, mpira kiunoni. "Nikimbize, mdogo wangu!" Kiunoni. Nikasogea kushoto kabisa, nikaacha uwanja wote wa kulia wazi, mtu angeweza kuingiza lori. Akanipigia kushoto. Nikapandisha sauti, na mimi sipandishi sauti: "Njiti! Huku!" Hapo bega lake likazunguka, raketi ikapita, na mpira ukaenda kuchapa pembe ya kulia, juu ya mstari kabisa, mkavu, mzuri kuliko wowote niliowahi kumwona akipiga. Sikuinua hata mguu.

Njiti alifunika mdomo. "Samahani, dada!" Na kabla sijasema neno alikuwa ameshapiga magoti anaokota mipira.

Niliiegemeza raketi yangu kwenye wavu taratibu, maana nilikuwa nataka kuivunja.

Alhamisi jioni nilijaribu nyumbani. Nilikuwa naosha vyombo, Baba yuko mezani anavuta nyuzi kwenye raketi ya Njiti, miwani imeshuka puani. Anapovuta uzi huwa anausikiliza, anaugonga kwa kidole, ting, anausogeza kidogo, ting.

"Baba, zamani kule klabu. Uliwahi kutaka kumfunga mtu?"

"Kumfunga ili iweje?"

"Kumfunga tu."

Alifikiri kwa haki kabisa, kama nimemuuliza bei ya kitu. "Unamkumbuka yule hakimu niliyekusimulia, wa goti? Kuna siku alikuwa anakuja moja kwa moja kutoka mahakamani. Haongei. Uso umekauka, unajua leo kamfunga mtu maisha. Basi mimi sisemi kitu. Nampa kiunoni, nampa kiunoni. Baada ya muda unamwona mabega yanashuka. Baada ya muda anaanza kuhema kama mtu. Akiondoka pale anasalimia hadi bawabu." Akagonga uzi, ting. "Wale watu walikuwa wanakuja wamevunjika, mwanangu. Mimi nilikuwa nawarudisha nyumbani wazima. Sasa nimfunge wa nini?"

Nikaendelea kusugua sufuria ambayo ilikuwa imeshatakata. Mtu utaanzia wapi kumwambia baba yako kwamba jambo jema kuliko yote aliyoyafanya maishani ndilo linalowaangusha watoto wake? Ungekuwa ubaya, ningemwonyesha. Ila huu ulikuwa wema, na ulinikaa kooni kama mwiba wa samaki.

"Mbona umeuliza?"

"Basi tu, Baba."

Jumamosi tulifika mapema. Viwanja vya mashindano vilikuwa vya saruji iliyopakwa rangi, Baba hana kazi ya kuburuza, kwa hiyo alikuwa hajui mikono yake aiweke wapi. Tulikaa kwenye benchi la mbao nyuma ya uzio: Redio, mimi, Baba, na upande wa pili wa Baba mama yake Njiti, mkoba mapajani kama ngao.

Mpinzani alikuwa msichana mfupi aliyeshika raketi kama mwiko. Sisemi kwa dharau, ndivyo alivyoishika. Kifundo chake cha mguu wa kushoto kilikuwa kimefungwa bendeji, na kila alipokwenda upande ule alichechemea. Mtu yeyote mwenye macho aliona mechi ile inapaswa kuchezwa wapi.

Mpira wa kwanza mrefu ulipoanza, watu wa viwanja vya jirani waligeuka kutazama. Njiti akicheza ni kama maji. Miguu inafika kabla ya mpira, bega linazunguka, na ile sauti ya nyuzi, ile sauti nzito safi ambayo Baba anaweza kukaa kuisikiliza mchana kutwa. Yule mfupi alikuwa anahangaika, anafagia, anachota. Mwishowe akapiga mpira mfupi mbovu katikati, na yeye mwenyewe akabaki nje kabisa upande wa kulia. Kushoto kote palikuwa patupu. Njiti akasogea mbele, akauweka mwili sawa, nikajikuta nimeshika ubao wa benchi.

Akampelekea kiunoni.

"Jamani, Njiti!" Redio akalia. "Mpelekee na kiti akae!"

Mwamuzi akanyoosha kidole kwetu. Mashindano yale yana sheria kali: hakuna kumwelekeza mchezaji kutoka nje. Ukisema neno la kufundisha, anakatwa pointi.

Baba alinigusa kwa kiwiko. Macho yake yalikuwa yanang'aa. "Umeliona bega lile? Umeliona lilivyokaa?"

"Kocha," mama yake Njiti akasema bila kugeuka, "unatabasamu nini?"

"Daktari, tazama bega."

"Bega linapewa pointi ngapi?"

Yule mfupi alikuwa ameshaurudisha ule mpira, akauchapa pembeni, na Njiti hakuufikia.

Ikawa hivyo. Sijui nieleze vipi uchungu wa kutazama mtu anayeweza, anapoteza kwa uangalifu. Katika seti ya pili yule msichana aliteleza akielekea upande wa kifundo kibovu, akaanguka goti moja. Mpira ulikuwa kwa Njiti, mwepesi, unaelea, uwanja mzima ni wake. Na Njiti, naapa nilimwona, alichelewesha raketi. Alimsubiri mwenzake asimame. Kisha akampigia taratibu, usawa wa mkanda, hatua moja kutoka alipo. Msichana akainuka akauchapa kwenye mstari, mama yake akashangilia, na Njiti akauliza kwa sauti ya chini, "Pole, umeumia?"

Mimi, ambaye maisha yangu yote nimekuwa nikitafuta pa kujificha nisiseme, nilikuwa na maneno yamejaa mpaka kwenye meno. Mpigie kushoto. Ni maneno mawili tu. Na safari hii si aibu iliyonizuia, ni sheria. Nilikaa pale nimebana midomo, nikajisikia kama wale wagonjwa wa mama yake Njiti.

Alifungwa seti mbili bila. Pale wavuni yule mfupi alimkumbatia, akamwambia, tukasikia wote mpaka kwenye benchi, "Unacheza vizuri sana, dada."

Tulimkuta Njiti kwenye ukumbi mwembamba nyuma ya vyumba vya kubadilishia nguo. Amekaa sakafuni, mgongo ukutani, taulo kichwani. Pale palikuwa na bomba linalodondosha maji na mizani mbovu ya kupimia uzito, na kila mtu aliyepita alituruka miguu akasema samahani.

"Jumatatu," mama yake akasema. Lakini alilisema kwa uchovu.

"Ni haki yako, Daktari," Baba akajibu.

"Mimi siendi kule," Njiti akasema ndani ya taulo.

"Tulishakubaliana."

"Siendi kule, na kwa Kocha sirudi. Naacha."

Bomba likadondosha tone.

"Unaacha nini?" mama yake akauliza.

"Tenisi. Mimi ni mwoga, Mama. Ulisema sina moyo, na ni kweli. Mwamuzi naye ameniambia nijiamini. Nikiona uwanja uko wazi naogopa, mkono unageuka wenyewe. Nataka kupiga kule halafu mkono unageuka. Mtu mwoga atacheza mashindano ya nini?"

Mama yake alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na jibu la swali. Aliuweka mkoba chini, kwenye maji. "Sikusema uache," akasema. "Nilisema kwa hasira tu, mwanangu. Sikusema uache."

Baba alichuchumaa mbele ya Njiti. Magoti yake yalilia. Aliinua pembe ya taulo kidogo kama mtu anayechungulia chini ya pazia, akamwambia kwa ule upole wake wote:

"Njiti. Umecheza vizuri sana."

"Hapana," nikasema.

Wote wakageuka. Sauti ilikuwa yangu, sikuwa nimeitayarisha.

"Hapana nini?" Baba akauliza.

"Hapana, yaani... nilikuwa nasema labda, kama tungeangalia mazoezi yetu, pengine kuna vitu vidogo, zile koni kwa mfano, si lazima koni, ila kama Baba ataona..."

Alisimama. Alinitazama kwa muda, na niliona uso wake ukibadilika, si kwa hasira. Alinitazama kama anavyoutazama mpira unaokuja.

"Mama," akasema. Huniita hivyo akiwa ananipenda au ameudhika. "Mimi si mwanachama wa klabu. Usinipigie kiunoni. Piga."

Redio alikuwa amefika mlangoni na chupa za maji.

"Njiti si mwoga," nikasema. "Anafanya alichofundishwa, na anakifanya vizuri kuliko mtu yeyote. Kwetu ukimpita mwenzako unaokota mipira. Tangu mdogo. Ukipiga mahali pasipo na mtu, watu wanacheka, unapiga magoti unaokota. Sasa mkono utaachaje kugeuka? Jumatano alinipigia mpira ambao hata wewe usingeufikia, Baba. Akaniomba samahani. Mimi ni mwalimu wake, nimemwambia anikimbize, akaniomba samahani! Umemfundisha kumtunza mpinzani. Ulifundisha hivyo kwa sababu ndiyo kazi iliyokulea na ikatulea sisi, na ni kazi nzuri, sisemi ni mbaya. Lakini yule msichana pale nje hakuja kwako amevunjika akataka kurudishwa nyumbani mzima. Alikuja kumfunga Njiti."

Njiti alikuwa ameshusha taulo mabegani. "Kwa hiyo si uoga?"

"Si uoga hata kidogo."

"Subiri," mama yake akasema, akigeuza macho kwangu, kwa Baba, kwangu tena. "Subiri kwanza. Anayeshinda pointi ndiye anayeokota? Hiyo sheria ni ya nani?"

"Ni yangu, Daktari," Baba akasema.

Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa. Kisha akakaa juu ya ile mizani mbovu, mshale ukaruka na kubaki unacheza cheza. Alivua kofia yake. Alionekana kama mtu aliyeambiwa nyumba aliyojenga mwenyewe inaelekea upande usio sawa, na anaihesabu milango yote akilini kuona kama ni kweli. Nilitaka kumkimbilia nimwambie basi, Baba, nimekosea, nimezidisha. Maneno ya kupooza yalikuwa yameshajipanga. Nilikuwa nayajua yote, niliyarithi kwake.

"Umelijua hili tangu lini?" akaniuliza.

"Tangu chuo."

"Chuo." Alitikisa kichwa. "Ulikuwa unanipigia simu kila baada ya mechi. Nakuuliza mpira umekwendaje, unaniambia umecheza vizuri. Kila mara. Umecheza vizuri, wamekusifia. Na mimi nilikuwa nalala na furaha." Akanyanyua macho. "Wakati ule, pale wavuni, wanakupa mkono. Wewe mwenyewe ulikuwa unataka nini?"

Njiti ananitazama. Mama yake ananitazama. Redio ameshika chupa zake kifuani, mdomo wazi na hausemi. Ile aibu yangu ya zamani ikaanza kupanda, na safari hii sikuisubiri ifike mdomoni.

"Nilitaka kushinda," nikasema. "Nilitaka niwafunge wote, Baba. Niwafunge wasiuone hata mpira."